Kaburi la Velimna: mama wametajwa, mama hawamo

Februari 1840, vibarua waliokuwa wakitengeneza barabara karibu na Ponte San Giovanni, chini ya kilima cha mji wa Perugia katikati ya Italia, walifukua mdomo wa ngazi. Ngazi zenyewe zilichongwa kwenye mwamba, karibu 30 kwa hesabu, zikishuka kwa ukali hadi kwenye mlango uliozibwa kwa bamba la jiwe. Nyuma ya bamba hilo palikuwa na nyumba nzima chini ya ardhi. Ina paa, ina boriti, ina vyumba, na wenyewe wamo, wamejiegemeza vitandani kama watu wanaosubiri kuandaliwa chakula cha jioni.

Wenyewe hao ni ukoo wa Velimna, ambao kwa Kilatini waliitwa Volumnius. Walikuwa Waetruski, watu wa kale wa katikati ya Italia ambao baadaye walimezwa na Roma. Ndiyo maana Waitalia huliita kaburi hili Ipogeo dei Volumni. Limeandikwa sana tangu siku hiyo, na sina haja ya kurudia kila lililosemwa. Nataka kulichambua kwa swali moja ambalo naona hupitiwa juu juu: nani aliingizwa humu, nani hakuingizwa, na maandishi ya ukoo wenyewe yanatuambia nini juu ya hilo.

Ushahidi ulivyotufikia

Mwaka 1840 hapakuwa na akiolojia kama tunavyoijua leo. Hakuna aliyepima tabaka za udongo uliojaa mlangoni, hakuna aliyechekecha vumbi la sakafuni, na picha za kamera zilikuwa ndiyo kwanza zinazaliwa. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa Baglioni, wakubwa wa Perugia tangu zama za kati. Mtaalamu wa mambo ya kale wa mji huo, Giovan Battista Vermiglioli, aliliandikia kaburi hili kitabu na kukichapisha mwaka uleule. Vyombo vidogo vilichukuliwa juu, kwenye jumba la mwenye shamba. Masanduku makubwa ya majivu ya maiti waliochomwa yaliachwa palepale yalipokutwa.

Uamuzi huo wa mwisho ndio uliookoa kisa hiki. Miaka 17 baadaye, kule Vulci, mji mwingine wa Waetruski, kaburi la ukoo wa Saties lilifunguliwa na Alessandro François, na haikupita miaka mingi picha zake za ukutani zikakatwa na kupelekwa Roma kwa mkuu wa ukoo wa Torlonia. Mtu akitaka kuzielewa leo inabidi kwanza azirudishe ukutani kichwani mwake. Kwa Velimna hatuna shida hiyo. Tunajua nani aliketi mbele ya nani, nani yuko katikati na nani yuko pembeni, na katika kaburi la ukoo nafasi ya kukaa ni maneno kamili.

Perugia yenyewe ilipata bahati nyingine Desemba 1983, kaburi la ukoo wa Cai Cutu lilipokutwa halijaguswa, lina masanduku 50 ya majivu na jeneza moja kubwa la jiwe. Safari hiyo wanaakiolojia waliingia na vipimo vyao kabla ya kitu kusogezwa. Anayechambua Velimna hana budi kukiri kwamba anafanya kazi na ushahidi wa daraja la chini kuliko huo. Lakini maandishi yapo, na mawe yapo.

Nyumba yenyewe

Ukishuka ngazi na kupita mlango unaingia kwenye behewa. Natumia neno hilo kwa makusudi, kwa sababu msomaji anayezijua nyumba za mawe za Lamu au Zanzibar anajua behewa ni moyo wa nyumba, na vyumba vyote vinaliangalia. Katika nyumba za Italia ya kale behewa liliitwa atriamu. Hapa limechongwa lote katika mwamba laini, na aliyelichonga hakuridhika na kutoboa pango. Dari limeinuliwa kwa pande mbili kama paa la kibanda, na mapau yanayoonekana ni mwamba ulioachwa utokeze ili uigize mbao. Hakuna ubao hata mmoja.

Pembeni kuna vyumba vidogo vyenye viti virefu vya mwambani, na mbele kabisa, ukitazama moja kwa moja kutoka mlangoni, kuna chumba cha heshima. Warumi wangekiita tablinumu, yaani chumba ambamo mwenye nyumba alipokea wageni na kuhifadhi kumbukumbu za ukoo. Juu ya milango, kwenye pembetatu za paa, kuna ngao kubwa ya duara, kuna ndege, kuna pomboo, kuna vichwa vya watu. Kichwa cha Medusa, yule mwanamke wa hekaya za Kigiriki mwenye nyoka badala ya nywele, kinakutazama kutoka darini. Kazi yake ilikuwa kufukuza shari, na kwa yeyote aliyeshuka humu na taa ya mafuta mkononi bila shaka aliifanya vizuri.

Kaburi hili si la peke yake. Limo ndani ya makaburi ya Palazzone, yapatayo 200, mengi yakiwa chumba kimoja cha kuchongwa tu. Velimna walitaka kitu kingine. Walichonga vyumba ambavyo wangeweza kuvijaza kwa karne mbili, na hapo ndipo panapoanza utata: masanduku yote saba ya ukoo yalikutwa kwenye chumba cha heshima peke yake. Vile vyumba vya pembeni, vyenye viti vyake, havikuwa na sanduku hata moja.

Nyumba kubwa, wapangaji saba. Hawa saba ni nani?

Kusoma majina

Kietruski, lugha ya Waetruski, kiliandikwa kwa herufi zilizotokana na za Kigiriki, mara nyingi kutoka kulia kwenda kushoto. Kukitamka si kazi. Kazi ni kukielewa, maana hakina undugu na Kilatini wala Kigiriki, na maandishi mengi yaliyobaki ni mafupi. Kwa bahati njema mengi ya hayo mafupi ni ya makaburini, na lugha ya makaburini inajirudia. *Clan* ni mwana wa kiume. *Sec* ni binti. *Puia* ni mke. *Suthi* ni kaburi. Kiambishi cha umilikaji hukaa mwishoni mwa jina: Aule akiwa baba, mwanawe huandikwa *Aules*, yaani wa Aule, Arznei akiwa mama, wanawe ni *Arzneal*, wa Arznei. Jina la ukoo nalo hubadilika kwa jinsia, mwanamume ni Velimna na mwanamke ni Velimnei.

Kwa maneno hayo machache mtu yeyote anaweza kusoma kaburi hili karibu lote.

Kwenye mwimo wa mlango kuna mstari mmoja uliochongwa ukishuka: *arnth larth velimnas arzneal husiur suthi acil hece*. Yaani Arnth na Larth Velimna, watoto wa Arznei, ndio waliolisimamisha kaburi hili. Hilo ndilo tangazo la wenye nyumba, limewekwa mahali ambapo kila anayeingia lazima alipite.

Ndani, sanduku la katikati, lililo juu na zuri kuliko yote, ni la Arnth, mwana wa Aule. Kuna Larth, mwana wa Aule. Kuna Vel, mwana wa Aule. Kuna Aule mwenyewe, ambaye maandishi yake yanamtaja baba yake, Thefri. Kuna huyo Thefri, mwana wa Tarchi. Kuna mwanamke mmoja, Veilia Velimnei, wa Arnth, yaani binti yake. Na kuna wa saba, Publius, ambaye nitamrudia kwa kuwa yeye ni kisa ndani ya kisa.

Ukipanga majina haya unapata mti wa ukoo wa vizazi vinne ndani ya chumba kimoja: Thefri akamzaa Aule, Aule akawazaa Arnth, Larth na Vel, Arnth akamzaa Veilia. Tarchi ametajwa kwa jina tu.

Sasa urudi mlangoni usome tena. Waliojenga ni Arnth na Larth. Vel yuko wapi?

Maelezo ya haraka ni kwamba Vel alikuwa mdogo, au alikuwa amekwisha kufa, au hakuchangia gharama. Yote yanawezekana. Lakini naona wachambuzi wengi hawalipi uzito wa kutosha neno *arzneal*. Ndugu hawa wawili wangeweza kujitambulisha kwa baba, kama walivyojitambulisha kwenye masanduku yao. Mlangoni wamechagua mama. Wamesema: sisi ni watoto wa Arznei. Na sanduku la Vel linataja baba peke yake, Aule, halimtaji Arznei popote. Kwetu lugha ina neno la hali hii tangu zamani: ndugu wa tumbo moja. Mtu husema "huyu ni ndugu yangu, tumbo moja" pale tu ambapo wako wengine ambao si wa tumbo hilo. Nadhani, na ni dhana yangu, kwamba Vel alikuwa mwana wa Aule kwa mke mwingine, na kwamba mstari ule wa mlangoni ulikuwa ukitenganisha kwa adabu. Alipewa nafasi ndani, na sanduku lake halikufanywa duni. Lakini kwenye hati ya nyumba hayumo.

Dhana hii ina udhaifu wake. Masanduku ya Arnth na Larth nayo hayamtaji Arznei. Yanataja Aule tu, sawa na la Vel. Kwa hiyo kimya cha Vel peke yake hakithibitishi kitu. Kinachonifanya niishikilie ni tofauti kati ya maandishi ya ndani na ya mlangoni: ndani ndugu watatu wanalingana kwa baba, mlangoni wawili wanajitenga kwa mama.

Babu aliyehamishwa

Kuna jambo kuhusu masanduku yenyewe. Sita kati ya saba ni ya travetino, jiwe la chokaa la eneo hilo, yaliyopakwa lipu laini nyeupe ili yaonekane kama kitu cha thamani zaidi. Juu ya kila moja la wanaume kuna sanamu ya marehemu amejiegemeza kwenye kitanda cha karamu, kiwiko kwenye mto. Veilia hakulazwa, ameketi kitini, wima, kama mwenyeji anayepokea wageni. Sanduku la Arnth linawapita wote: kitanda chake kimewekwa juu ya msingi mrefu, na kwenye msingi huo wamekaa wanawake wawili wenye mabawa, wa aina ambayo Waetruski waliwaita Vanth, wasindikizaji wa roho.

Kwa mtindo, masanduku haya sita yanafanana mno. Mikunjo ya nguo, vichwa vya Medusa vilivyopambwa mbele, namna ya kuchonga mto: yote yananuka karakana moja. Lakini vizazi ni vinne. Kati ya kifo cha Thefri na cha mjukuu wake Arnth inaweza kuwa ilipita nusu karne na zaidi. Karakana haidumu na mkono uleule muda wote huo.

Maelezo yanayokubalika zaidi, na mimi nayakubali, ni kwamba masanduku yaliagizwa pamoja au kwa kukaribiana, kaburi lilipojengwa. Thefri na Aule walikuwa wamekwisha kufa, majivu yao yakiwa mahali pengine. Arnth na Larth walipojenga nyumba mpya wakawahamisha babu na baba, wakawaagizia vitanda vinavyolingana na vyao wenyewe. Maana yake mti huu wa ukoo ulichaguliwa. Watu wawili wenye fedha, kwa siku moja au kwa miaka michache, waliamua nani ni wazee wetu na wapi wakae.

Na kama ulichaguliwa, basi kutokuwemo nako ni uamuzi. Arznei, mama ambaye jina lake ndilo la kwanza kusomwa baada ya yale ya wanawe, hayumo. Mke wa Thefri hayumo. Mke wa Arnth, mama wa Veilia, hayumo, na hata jina lake hatulioni. Mwanamke pekee aliyepewa kiti ni yule aliyezaliwa Velimnei. Walioolewa wakaja wako nje, ingawa nyumba ina vyumba vya kutosha.

Hili linashangaza kwa sababu Waetruski hawakuwa watu wa kuwaficha wake zao. Kwenye picha za makaburi ya Tarquinia, mji mwingine wa Waetruski, mke anakula karamu kitanda kimoja na mumewe, jambo lililowaudhi waandishi wa Kigiriki. Kwenye jeneza mashuhuri la udongo kutoka Cerveteri, la karne ya 6 KK, mume na mke wamelala pamoja wakitabasamu. Na desturi ya kuandika jina la mama kaburini ni alama yao kubwa. Mrumi wa kawaida alimtaja baba akaishia hapo.

Hapa ndipo wengi husema: basi mwanamke wa Kietruski alikuwa na hadhi, ushahidi ni jina lake. Mimi nasita. Msomaji wa pwani aliyewahi kusimama kaburini talakini ikisomwa anajua kwamba marehemu huitwa kwa jina la mama yake, na bado hilo peke yake halikuambii nani anarithi nyumba. Jina la mama linaweza kubeba mambo mengi. Kwa Velimna naona lilibeba undugu na koo nyingine: kusema "wa Arznei" ni kusema tumeunganika na watu wa kina Arzne, na watu hao wana jina mjini. Mama ni daraja. Daraja linatajwa, na si lazima lihamie nyumbani. Yawezekana Arznei alizikwa na watu wake wa kuzaliwa, katika kaburi jingine lenye mwimo mwingine na majina mengine.

Mtu wa marumaru

Nilimwacha Publius. Sanduku lake unalitambua hata kabla ya kusoma. Wengine ni travetino yenye lipu. Lake ni marumaru. Wengine wana sanamu kitandani; yeye hana sanamu kabisa. Sanduku lake ni jengo dogo lenye paa la vigae na mlango, na kuta zake zimepambwa kwa mashada ya maua. Hiyo ni ladha ya Kirumi, ya siku za kaizari Augusto. Kati yake na wale sita kuna pengo refu: wataalamu wameliweka kaburi mahali tofauti kati ya karne ya 3 na ya 1 KK, na uchambuzi mkubwa wa Wajerumani Armin von Gerkan na Franz Messerschmidt uliotoka mwaka 1942 haukumaliza ubishi. Lakini hata ukishika makadirio mafupi bado kuna miaka mingi ambamo hakuna aliyewekwa humu.

Halafu mtu akaja akafungua mlango.

Sanduku lina maandishi mawili. Kwa Kilatini: *P. Volumnius A. f. Violens Cafatia natus*. Publius Volumnius Violens, mwana wa Aulo, aliyezaliwa na Cafatia. Na juu, kwenye paa, kwa Kietruski: *pup velimna au cahatial*. Pup Velimna, wa Aule, wa Cahati.

Ukiyalinganisha utaona si tafsiri ya neno kwa neno. Kilatini kina *Violens*, lakabu ya tatu, kama raia kamili wa Roma, Kietruski hakina. Kilatini kinatumia *natus* na jina la mama, ambalo Mrumi wa asili asingejisumbua nalo. Mtu huyu amevaa toga, vazi la raia wa Roma, lakini chini yake bado ana shati la nyumbani. Ni raia wa Roma kwa sheria (sheria ya mwaka 90 KK ndiyo iliyofungua mlango wa uraia kwa washirika wa Roma nchini Italia) na ni Velimna kwa damu, na hataki kuchagua.

Lakabu yenyewe ina utani mkali ndani yake. Violens ni lakabu ya Lucius Volumnius Flamma Violens, aliyekuwa konsuli wa Roma, mmoja wa watawala wake wawili wa mwaka, mwaka 307 na tena 296 KK, na ambaye katika ukonsuli wake wa pili alipigana Etruria, nchi ya Waetruski, dhidi ya Waetruski wenyewe. Yawezekana Velimna wa Perugia walikuwa na undugu wa kweli na Volumnius wa Roma. Yawezekana pia walijipachika ukoo maarufu wenye jina linalofanana, jambo ambalo watu wapya mjini hulifanya tangu dunia iumbwe. Kwa vyovyote, anayekuja kulala na akina Arnth na Larth anakuja na jina la jenerali aliyewapiga vita watu wao.

Jina la mama yake pia lina mwangwi. Pesaro, pwani ya mashariki ya Italia, kuna jiwe jingine lenye lugha hizi mbili, la Cafatius fulani aliyekuwa mwaguzi, msoma maini ya wanyama na mfasiri wa radi. Jina la ukoo ni lilelile. Hilo halimfanyi shangazi wala mjomba wa mtu, lakini linaonyesha hawa walikuwa watu wa tabaka gani: waliozishika lugha zote mbili kwa sababu kazi na cheo viliwadai.

Kwa nini sasa? Kwa nini mtu kama huyu arudi kwenye shimo ambalo pengine babu yake hakulitumia?

Jibu langu liko juu ya kilima. Mwaka 41 KK Lucius Antonius, nduguye Marko Antonio, alijifungia Perugia, na Oktaviano, ambaye baadaye ndiye Augusto, akauzingira mji mpaka njaa ikawashinda mwanzoni mwa mwaka 40. Mpaka leo zinaokotwa risasi za kombeo za madini ya risasi zenye matusi yaliyoandikwa na askari wa pande zote mbili, mengine hayasomeki mbele ya wakwe. Mwanahistoria Appiano anaeleza kwamba wajumbe wa baraza la mji waliuawa, na kwamba mji uliteketea baada ya raia mmoja kuichoma nyumba yake mwenyewe na moto kusambaa. Ulijengwa upya ukaitwa Augusta Perusia.

Koo nyingi za zamani zilipotea katika moto huo pamoja na nyumba zao. Kaburi, likiwa mwambani nje ya mji, halikuungua. Kwa Velimna aliyesalimika, au aliyerudi, huenda hiyo ndiyo ilikuwa nyumba pekee ya ukoo iliyobaki imesimama, yenye boriti zake za mawe na wazee wake vitandani. Nasema huenda, hakuna jiwe linalosema hivyo. Lakini ili mlango ufunguliwe ilibidi mtu ajue ulipo, ajue ni wa nani, na aamini kwamba wakati wa kuuliza hakuna atakayembishia. Kumbukumbu hiyo ilikuwa imehifadhiwa mahali fulani kwa vizazi kadhaa bila kutumika. Na aliyeihifadhi aliikumbuka pamoja na Kietruski chake, wakati ambapo lugha hiyo ilikuwa inakaribia kuacha kuandikwa.

Publius pia hakuja na mama yake. Cafatia ameandikwa mara mbili, kwa lugha mbili, na hayumo.

Kinachoweza kupimwa

Mtu atauliza: si wapime vinasaba wamalize? Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 82 wa kale wa katikati na kusini mwa Italia, wakiwemo Waetruski, na ulionyesha kwamba Waetruski walifanana sana na majirani zao Walatini ingawa lugha zao hazina undugu. Lakini kazi ya namna hiyo inahitaji mifupa na meno yaliyozikwa. Velimna walichoma maiti zao, na moto wa kutosha kugeuza mfupa kuwa mweupe huua karibu vinasaba vyote. Dhana yangu ya matumbo mawili haitapimwa kwa njia hiyo.

Mfupa uliochomwa sana, hata hivyo, huhifadhi kitu kingine. Madini ya strontiamu, yanayoingia mwilini kwa chakula na maji na kutofautiana kulingana na miamba ya mahali mtu alipoishi, hubaki ndani yake karibu bila kubadilika. Vipande vikubwa vya fuvu na nyonga vinaweza kumwambia mtaalamu umri wa makadirio na mara nyingine jinsia. Kwa hiyo masanduku ya majivu ya Perugia, yale ambayo bado yana mabaki ndani, hayajanyamaza kabisa. Kwa kaburi lililofunguliwa mwaka 1840 tatizo ni kujua kama mabaki yaliyomo leo ndiyo yaliyokuwemo siku ya kwanza. Ndiyo maana, kwa swali la wanawake walioolewa, ningeanza na makaburi ya jirani pale Palazzone, nitafute jina la Arznei kwenye vifuniko, kabla sijagusa kijiko cha majivu.

Leo kaburi limejengewa nyumba juu yake, na ngazi zilezile ndizo zinazotumiwa na wageni. Masanduku kutoka makaburi mengine ya eneo hilo yamepangwa njiani, kwa hiyo mtu hupita kwanza kati ya majirani kabla hajawafikia Velimna. Arnth bado yuko katikati. Kwenye msingi wake, kati ya wale wawili wenye mabawa, mchoraji aliwahi kuchora kwa rangi mlango wa tao, na ndani ya mlango huo wanawake wanne wamesimama, kana kwamba wanatoka au wanangoja kuingia. Hawakuandikiwa majina. Rangi imefifia sana, na lazima usogee karibu ndipo uwaone.